Keki ya Ghorofa Tatu Iliyolala Chumbani Kwetu

Chebet mwanangu,

Nyumba imenyamaza tangu ulipofunga sanduku lako ukaenda bweni. Juzi baba yako aliandaa vikombe vitatu vya chai, akakitazama kile cha tatu, kisha akakirudisha kabatini. Usimhurumie sana, maana baada ya hapo alikula chapati zake na zako.

Nakuandikia kwa sababu ya swali uliloniuliza siku ya kutembelewa, mdomo umejaa kuku: "Mama, ni kweli vile Anti Atieno anasema, ati nilizaliwa juu ya keki?" Nilicheka hadi kengele ya kutufukuza wazazi ikalia kabla sijakujibu. Baadaye nilijiuliza ni mambo gani mengine dada yangu amekuambia. Kwa hiyo leo nakuhadithia mwenyewe, kama ilivyokuwa.

Hukuzaliwa juu ya keki. Lakini ulikaribia.

Atieno ni mdogo wangu, unajua, na mimi ndiye nilimbeba mgongoni mama yetu alipokuwa sokoni. Keki yetu ya kwanza tuliipika kwa sufuria, makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Ikaungua chini na katikati ikabaki uji. Tuliila yote kwa kijiko. Atieno, akiwa na pengo la meno mawili mbele, akaniambia, "Siku ya harusi yangu wewe ndiye utanipikia keki. Kubwa. Ya kupanda." Nikamwambia sawa. Mtoto unamwambiaje hapana? Miaka ikapita, mama yetu akafariki, mimi nikaolewa huku Eldoret na Atieno akanifuata kutafuta kazi. Alipokuja kuniambia amepata mchumba na tarehe imewekwa, hakuniuliza kama nitapika. Aliniuliza tu fondanti, lile vazi la sukari la keki, itakuwa rangi gani.

Na mimi wakati huo nilikuwa na wewe tumboni. Daktari alikuwa amehesabu kwamba utakuja baada ya harusi. Watu wa kanisa wakaniambia nimwachie mtu mwingine kazi hiyo. Hata baba yako, ambaye huwa hapendi kubishana, aliketi kwenye kiti cha jikoni akasema, "Akoth, hata kuinama kufunga kiatu unashindwa. Hiyo keki utaiinamiaje?"

Nikamwambia, "Sitaiinamia. Nitaiweka juu ya meza."

Usifikiri nilikuwa mkaidi tu. Harusi ile ingekuwa na wageni, hema, na mapambo ya kukodi. Mama hakuwepo. Nilitaka kuwe na kitu kimoja pale mbele ya watu kilichotoka nyumbani kwetu, mikononi mwetu, ili Atieno akikitazama ajue kwamba ana watu. Hilo sikumwambia baba yako wakati ule. Lakini nadhani alilijua, kwa sababu aliinuka akaenda kununua mayai.

Nilijipanga kufanya kila kitu mapema, kidogo kidogo, ili uchungu ukiniwahi pasiwe na kilichobaki. Ghorofa ya chini ilikuwa keki ya matunda, na hiyo niliioka wiki kadhaa kabla, kwa sababu keki ya matunda inazidi kuwa tamu ikikaa. Niliipaka maji ya machungwa niliyochemsha na sukari na majani ya chai, nikaifunga kwa karatasi ya kuokea, juu yake foili, nikaiweka kwenye debe la biskuti lenye kifuniko. Debe likakaa chini ya kitanda chetu. Baba yako alisema chumba kinanukia Krismasi.

Ghorofa ya katikati ilikuwa ya chokoleti na ya juu ya vanila. Hizo ni laini, hazingoji wiki nyingi. Nilizioka wiki moja kabla ya harusi, nikaziacha zipoe kabisa, nikazifunga kwa plastiki mara mbili na foili, nikazitia kwenye friza. Tulikula sukuma na maharagwe wiki hiyo yote, maana nyama haikuwa na mahali pa kulala. Na nilipozitoa sikuzifungua haraka. Ulikuwa ukiniuliza kila mara kwa nini tunaziacha zimefungwa hadi ubaridi uishe. Sababu ndiyo hii: ule umande ukae juu ya plastiki, usiingie kwenye keki.

Kisha ikaja fondanti. Wewe ulizoea kuikanda ukiwa umesimama juu ya kigoda, ulimi nje, ukikata vipande vya kula mgongo wangu ukigeuka. Lakini mara ya kwanza kabisa kuikanda pamoja nami ilikuwa wiki ile. Kila nikilisukuma lile donge la sukari kwa kiganja, wewe ulikuwa unanisukuma kutoka ndani. Nikitua, unatua. Nilifikia mahali pa kukuambia kwa sauti, "Ngoja, tunakaribia kumaliza." Niliisukuma kwa kifimbo cha chapati hadi ikawa shuka pana jeupe, nikaibeba mikononi na kuifunika ghorofa ya chini, nikailainisha pembeni kwa kiganja, nikatoboa viputo vya hewa kwa pini. Siku iliyofuata nikavika ya katikati. Alhamisi nikamalizia ya juu, na maua madogo ya zambarau ya sukari niliyokuwa nimeyakausha zamani.

Tatizo likawa mahali pa kuziweka. Keki iliyovikwa fondanti haitaki friji, na haitaki jikoni kwenye mvuke wa sufuria, wala haitaki jua, kwa sababu rangi inafifia. Inataka chumba kikavu chenye baridi na giza kidogo. Nyumba yetu ya Kapsoya ilikuwa na chumba kimoja tu cha aina hiyo, na ndicho tulichokuwa tunalala. Baba yako alikitazama kitanda chake, akazitazama zile katoni tatu. Akatandika godoro la wageni sebuleni. Tulilala pale, mimi na tumbo langu na yeye na miguu yake mirefu chini ya meza, na keki ya Atieno ikalala kitandani kama bibi harusi mwenyewe.

Kumbe wewe ulikuwa umesikia kwamba kazi imeisha. Ijumaa asubuhi, chai haijapoa, ukaanza safari.

Sitakuhadithia mambo ya leba, utayajua kwa wakati wako. Nitakwambia tu kwamba baba yako aliendesha gari la mwalimu mwenzake aliyetuazima kwa ajili ya harusi, na njia nzima alikuwa ananiuliza kama nimefunga katoni vizuri, kwa sababu hakujua aulize nini kingine. Ulizaliwa mchana, jua likiwa juu kabisa, ndiyo maana Gogo, nyanya yako mzaa baba, alisema baadaye jina lako halina mjadala, wewe ni Chebet. Ulikuwa mdogo na mwenye hasira. Nilikushika nikacheka na kulia pamoja, na kwa muda mzuri nilisahau kabisa kwamba kuna kitu duniani kinaitwa keki.

Atieno alikuja jioni ile, nywele zimeshasukwa kwa ajili ya kesho yake. Alikuchukua akakunusa shingoni. Nikaanza kumweleza habari ya ghorofa na vijiti vya kuzishikilia. Akanikatiza. "Dada, wachana na keki. Nitanunua ndogo hapo supermarket, nani atajali?"

"Mimi nitajali," nikasema.

"Na nani ataipanga? Wewe uko hapa."

"Baba mtoto ataipanga."

Atieno aliangalia dari. Alimjua shemeji yake. Baba yako ni mwalimu mzuri wa hesabu, lakini mkononi mwake hata yai la kuchemsha huwa linapasuka.

Sasa, kitu ambacho hakuna aliyekijua ni kwamba mchana ule Gogo alikuwa ameshafika nyumbani kutoka Plateau, na mursik, yale maziwa ya kuganda ya kibuyuni, na kuku wawili, kuja kumngoja mjukuu. Gogo hawezi kukaa. Alifagia, akapiga deki, akaingia chumbani kubadilisha shuka, na hapo kitandani akakuta katoni tatu. Akafungua ile ndogo. Unamjua Gogo na chakula: kitu cha kuliwa hakikai nje. Akaibeba ile ghorofa ya juu kwa mikono yake miwili, akaiingiza kwenye friji, akafunga mlango kwa upendo wote. Zile nyingine mbili hazikuingia. Nashukuru Mungu friji yetu ilikuwa ndogo.

Jumamosi asubuhi ulikuwa umelala kifuani mwangu wodini, simu ikalia.

"Akoth," baba yako akasema kwa sauti ya chini sana, "keki inatoka jasho."

"Jasho gani?"

"Jasho. Kama mtu. Inang'aa."

"Ilikuwa wapi?"

"Kwa friji."

"Nani ameiweka kwa friji?"

Kisha nikasikia sauti ya Gogo kutoka nyuma: "Mwambie ni mimi. Mwambie nilikuwa naihurumia."

Mama mmoja wa kitanda cha jirani, aliyekuwa amejifungua mapacha, akageuka ubavu ili asikie vizuri. Nikavuta pumzi. "Msiipanguse. Hata kwa kidole, msiiguse, mkiigusa itabaki na alama. Fungua dirisha ipate hewa."

"Nje kuna ukungu, Akoth. Hatuoni hata geti."

"Basi funga dirisha!"

Wewe ukashtuka, ukaanza kulia, na mapacha wakakujibu. Nesi akaja na kuniambia, "Mama, weka simu chini unyonyeshe." Nikakunyonyesha, na simu nikaibana kati ya sikio na bega. Hapo ndipo nikamkumbuka Mama Brayo, jirani yetu mwenye saluni. Nikamwambia baba yako amwombe ile mashine ya kukausha nywele. Mama Brayo hakuiazima mashine tu, alikuja nayo mwenyewe, kwa sababu hakumwamini mwanaume na kifaa chake cha kazi. Nilimsikia akiingia na kuuliza, "Mteja yuko wapi?"

"Weka kwa baridi!" nikapiga kelele. "Si kwa moto! Na usikaribie!"

"Mama Mtoto, tulia. Mimi nimekausha vichwa vya watu tangu niolewe. Hiki hata hakina nywele."

Wodi nzima ilikuwa imetega sikio sasa. Tulisikia mashine ikivuma. Tukangoja. Halafu Gogo akasema, polepole, kama mtu anayetazama mtoto mwenye homa, "Inakauka. Uso umerudi." Mama wa mapacha akapiga makofi.

Hiyo ilikuwa shida ya kwanza. Ya pili ilikuwa kuifikisha Pioneer, kanisani, kupitia katikati ya mji na matuta yote unayoyajua. Nilikuwa nimewaambia kila ghorofa isafiri peke yake, kwa katoni yake, na chini kuwe na kitambaa kisichoteleza. Ghorofa ya chini, ile nzito ya matunda, Gogo alikataa iwekwe kwenye buti. Aliketi nyuma na katoni mapajani, mikono ameizungusha, na kila tuta lilipokaribia alimwambia mwanawe, "Polepole. Umebeba wazee." Baba yako ananiambia mpaka leo kwamba njia nzima mama yake alikuwa akiisemesha keki kwa Kinandi. Aliiambia nini, sijui. Muulize mwenyewe.

Walipofika ukumbi wa kanisa walinipigia tena. Ilibaki kuzipanga. Ghorofa ya chini nilikuwa nimeshaichoma vijiti vya kuibebea ile ya juu yake, lakini ya katikati nilikuwa nimeiachia Jumamosi, na wewe ukaniwahi. Nikamweleza baba yako: chukua kijiti, kipime na urefu wa keki, kata kiwe sawa na uso wake, kisha kichome wima hadi chini.

"Niichome keki?"

"Ichome."

"Keki ya harusi."

"Kiprono, bila hivyo ya juu itazama kama gari kwenye matope. Ichome!"

Nikasikia akimgeukia mama yake: "Anasema niichome." Na Gogo: "Basi choma, unangoja nini? Wageni wanaingia."

Akachoma. Akainua ya katikati, akaiweka juu ya ile ya matunda. Akainua ya vanila. Nilifumba macho. Mimi niliyeioka nilikuwa kitandani na mtoto wa siku moja, na kazi yangu yote ilikuwa mikononi mwa watu wawili ambao hawakuwahi kupanga hata sahani tatu bila kuvunja moja. Nilikusikia ukipumua. Sikusikia kingine.

"Imekaa," baba yako akasema.

"Imesimama wima?"

"Kwangu naona imesimama."

"Imelala upande," Gogo akasema. "Sogeza huku kidogo. Huku. Rudi. Wacha hapo." Gogo amesimamisha maghala ya mahindi maisha yake yote na hakuna lake lililoanguka. Kisha akachukua simu kutoka kwa mwanawe, jambo ambalo hajawahi kulipenda, akapiga kelele kama vile hospitali iko ng'ambo ya bonde: "Mama Chebet! Nyumba yako imesimama!"

Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu yeyote kuniita hivyo.

Nilishangilia, wakina mama wakashangilia, nesi akatuambia hapa si uwanja wa mpira, halafu akauliza kama picha zitaletwa.

Kilikuja kitu zaidi ya picha. Alasiri ile niliona watu wakisogea pembeni mlangoni mwa wodi, na Atieno akaingia na gauni lake jeupe, amelikusanya mkononi lisiburute, viatu vya harusi mkono mwingine, na miguuni ana sandali za msimamizi wake. Nyuma yake bwana harusi amebeba ile ghorofa ya juu, nzima, haijakatwa. Wageni walikuwa wamekula ya matunda na ya chokoleti. Hii alikuwa amewakataza kuigusa.

Alikuja hadi kitandani pangu. Akasema, "Wazee wa upande wao waliniuliza keki ametengeneza nani. Nikawaambia, ni kwetu." Basi. Nikasogea, akaketi kando yangu.

Tulikata ile keki kwa kisu cha plastiki cha chakula cha hospitali. Ubavuni ilikuwa na kishimo cha kidole gumba, wazi kabisa, na nilijua kidole hicho ni cha mwalimu gani wa hesabu. Kila mama alipata kipande, nesi akapata viwili, na askari wa geti, aliyekuwa amemruhusu bibi harusi kuingia kwa sababu kanuni zake hazikusema chochote kuhusu mabibi harusi, naye akapelekewa chake. Ilikuwa bado laini. Wewe ulilala wakati wote huo na ngumi zako zimefungwa, na unga wa sukari kidogo kwenye paji la uso, mahali Atieno alipokubusu. Nadhani hapo ndipo hadithi yake ya kuzaliwa juu ya keki ilipoanzia.

Hiyo ndiyo habari yenyewe, Chebet. Mwambie hivyo yeyote atakayekuuliza.

Nimeikumbuka sana muhula huu. Nilipokuacha pale shuleni na godoro lako na ndoo yako iliyoandikwa jina, nilitaka kumwambia matroni mambo yote: unalala ukitupa blanketi, hupendi maziwa yenye utando, ukiwa na huzuni unajifanya una usingizi. Baba yako alinivuta mkono. Akaniambia, "Ataona mwenyewe." Nilipanda gari, mikono mapajani hadi mjini. Mikono yangu haijazoea kukosa kazi kwako. Lakini ulipotoka kutukimbilia siku ya kutembelewa, sweta limevaliwa sawasawa, na marafiki wawili nyuma yako wanajua hadi jina la paka wetu, nilimwambia Mungu asante kwa mikono yote nisiyoijua inayokushika huko.

Sasa sikiliza la leo. Gogo anatimiza miaka themanini, na sherehe tumeiweka Jumapili ya likizo yako fupi, kule shambani Plateau, ili uwepo. Keki itakuwa ya ghorofa mbili. Nimeshaanza. Ya chini, ya matunda, iko kwenye debe lake. Ya juu, ya vanila, nimeioka leo asubuhi na sasa inapoa dirishani wakati nakuandikia. Jioni nitaifunga na kuiweka kwenye friza. Nitaitoa siku moja kabla hujafika, niiache imefungwa, kama unavyojua.

Ya chini nitaivika mwenyewe. Ya juu sitaigusa. Fondanti nitakuwa nimeinunua, kifimbo kiko mahali pake, na kile kigoda sidhani bado unakihitaji. Baba yako amejitolea kukusaidia na nimemkatalia.

Oga vizuri, soma, na usiazime watu kitana.

Tunakungoja, mimi na keki isiyo na nguo.

Mama yako